Kuingiza vifaa tiba vya kubebeka katika kazi za kila siku za hospitali: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ultrasaundi inayoingia mfukoni, monita ndogo yenye kishikio, kipima oksijeni cha kidoleni, mashine ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya kupakatwa, eksirei ya magurudumu, pampu ya dripu, konsentreta ya oksijeni. Vyote hivi vimetengenezwa ili huduma imfuate mgonjwa alipo, na kwa mgonjwa mahututi ambaye kumsogeza tu ni hatari, hilo ni jambo kubwa. Lakini mashine iliyofungwa chumbani mwake ina faida ambayo hatuitambui mpaka tuikose: kila mtu anajua ilipo, nani anaiendesha, majibu yake yanapitia wapi na nani anaisafisha. Kifaa cha kubebeka kikiingia wodini bila maswali hayo kujibiwa, kila zamu itayajibu kivyake, na majibu hayatafanana.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 ulipitia orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi zenye uwezo mdogo, ukakuta takriban asilimia 38 havifanyi kazi. Sababu kuu zilizotajwa zilikuwa tatu: upungufu wa mafunzo, usimamizi dhaifu wa vifaa, na miundombinu. Hizo zote tunaweza kuzishughulikia kabla kifaa hakijatolewa kwenye boksi.

Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyepewa jukumu hilo: muuguzi mfawidhi, fundi wa vifaa tiba, daktari wa idara, au mtu wa utawala.

Hatua ya 1: Mfuate mgonjwa kabla ya kufungua katalogi

Chagua tatizo moja na ulitaje kwa sentensi inayomhusu mgonjwa. "Tunahitaji ultrasaundi ya mkononi" haitoshi. "Mjamzito anayetokwa damu usiku hungoja mpaka asubuhi kujua kondo la nyuma limekaa wapi" inatosha, kwa sababu inakuonyesha saa, mahali, mtu, na uamuzi unaosubiriwa.

Kisha nenda wodini, mchana na usiku, uandike kinachotokea kweli. Nani anaomba kipimo? Ombi linapita mikononi mwa nani? Mgonjwa anasubiri wapi? Nani anasoma majibu, na baada ya kuyasoma kinabadilika nini? Andika saa pembeni ya kila tukio. Usitegemee maelezo ya mkuu wa idara peke yake, kwa sababu yeye anajua utaratibu ulivyopangwa, na wewe unatafuta utaratibu unaotumika.

Chukua mfano wa mgonjwa anayefika na maumivu ya kifua. Miongozo ya kimataifa ya magonjwa ya moyo inataka ECG ichukuliwe na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu afike. Ukifuatilia kwa saa unaweza kukuta kwamba mashine hufika kitandani mapema kabisa, ila karatasi yake inakaa mezani ikimsubiri mtu wa kuisoma. Hapo mashine ya pili haitapunguza hata dakika moja. Kinachotakiwa ni jina la msomaji kwenye ratiba ya kila zamu na njia ya kumfikishia karatasi hiyo papo hapo. Nimeona maombi mengi ya vifaa ambayo, yakichunguzwa hivi, yanageuka kuwa maombi ya mtu au ya utaratibu. Bora kulijua hilo kabla ya kununua.

Swali la kuchujia ni hili: majibu yakipatikana sasa hivi kando ya kitanda, tutafanya nini tofauti ndani ya saa moja ijayo? Kama hakuna jibu, kipimo kiendelee kufanyika maabara au idara ya picha, ambako kwa kawaida ubora husimamiwa kwa ukaribu zaidi.

Hatua ya 2: Waite watakaoishi nacho

Kikundi kidogo kinatosha: muuguzi anayefanya zamu za usiku, daktari anayetumia majibu, fundi wa vifaa tiba, mtu wa udhibiti wa maambukizi, mtu wa kompyuta na mtandao, na mtu wa ugavi. Huyo wa mwisho husahaulika, kisha miezi michache baadaye mashine inalala kwa kukosa karatasi ya kuchapishia. Mmoja wao awe mwenye kauli ya mwisho, na jina lake liandikwe.

Hatua ya 3: Kijaribu kifaa katika mazingira yako

Mazingira ya chumba cha maonyesho cha muuzaji si ya wodi. Omba kifaa cha majaribio, kikae wodini kwa muda, kitumike na watu wa zamu zote. Katika kipindi hicho angalia mambo ambayo hayaandikwi kwenye vipeperushi: kioo kinasomeka penye mwanga wa jua na penye giza? Kitufe kinabonyezeka ukiwa umevaa glavu? Magurudumu yanapita kwenye kizingiti cha mlango na kuingia kwenye lifti? Nyaya ni ndefu kiasi gani, na zinakaa wapi kifaa kinaposukumwa?

Umeme ndio unaoamua mambo mengi. Konsentreta nyingi za lita 5 kwa dakika hutumia takriban wati 350 mfululizo, na nyingi za aina hiyo hazina betri yoyote. Zinachukua hewa ya kawaida, zinanasa nitrojeni ndani ya punje za zeolaiti na kutoa oksijeni iliyokolea. Umeme ukikatika, oksijeni inakatika pia. Kwa hiyo anayeamua kupeleka konsentreta wodini ameamua pia kuweka hapo mtungi wa akiba uliojaa, regulata yake na mtu anayejua kuufungua gizani. Ama vifaa vyenye betri, uliza betri inadumu muda gani ikiwa mpya, na itadumu muda gani baada ya miaka miwili. Uliza kama unaweza kuibadilisha mwenyewe au lazima kifaa kisafirishwe. Usipuuze stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme, pale ambapo umeme hupanda na kushuka.

Halafu hesabu vitu vinavyoisha. Stripu za sukari, elektrodi (vibandiko vya ECG na monita vinavyowekwa kwenye ngozi), jeli, karatasi, mikanda ya presha ya saizi mbalimbali, vihisi vya oksijeni vya watoto wachanga, mirija, vichujio. Andika gharama ya mwaka mzima, si ya siku ya ununuzi. Kifaa kinachokubali vifaa vya ziada kutoka kwa mtengenezaji mmoja tu kinaweza kuwa bei nafuu siku ya kwanza na mzigo siku zote zinazofuata. Ndani ya mkataba dai kitabu cha mtumiaji na kitabu cha ufundi, nenosiri la menyu ya ufundi, na muda ambao vipuri vitaendelea kupatikana.

Na kama kifaa ni msaada, hatua hii haifutiki. Kifaa cha bure kisicho na stripu wala chaja inayolingana na umeme wako kitakula nafasi, muda wa fundi na matumaini ya wauguzi. Kukikataa kwa adabu ni halali.

Hatua ya 4: Kipite kwa fundi kwanza

Kifaa kipya kisiende wodini moja kwa moja kutoka kwenye boksi. Fundi akipokee, alinganishe kilichomo na kilichoagizwa, apime usalama wa umeme wake, akipe namba ya hospitali, na akiingize kwenye orodha ya vifaa pamoja na tarehe ya matengenezo yajayo. Hayo yanajulikana. Mambo matatu yafuatayo ndiyo huponyoka.

La kwanza ni saa. Vifaa vingi hufika vikiwa na saa ya nchi vilikotengenezwa, au saa iliyosimama betri ilipoisha. ECG yenye muda usio sahihi inaweza kumfanya daktari aamini kwamba mabadiliko ya moyo yalitokea baada ya dawa ilhali yalitangulia. Chagua saa moja ya rejea ya hospitali, weka vifaa vyote kulingana nayo, na ukaguzi wa kila mwezi uanze na saa.

La pili ni vizio vya vipimo. Sukari ya damu husomwa kwa mmol/L mahali pengine na kwa mg/dL kwingine. Mmol/L 1 ni takriban mg/dL 18. Namba 20 kwenye kioo inaweza kuwa sukari ya juu sana, sawa na mg/dL 360, au sukari iliyoshuka kiasi cha kumpotezea mtu fahamu. Hospitali nzima itumie kizio kimoja, na kifaa kisichoweza kuwekwa kwenye kizio hicho kirudishwe.

La tatu ni nenosiri na mtandao. Badilisha nenosiri la kiwandani, kwa kuwa mara nyingi limeandikwa kwenye kitabu ambacho yeyote anaweza kukipata kwenye intaneti. Vifaa tiba viwe kwenye sehemu yake ya mtandao, mbali na ule wa wageni na wa kompyuta za ofisi.

Hatua ya 5: Kipe makao, chaji na mwenyewe

Hapa ndipo mipango mingi huvunjikia. Kila kifaa kiwe na sehemu moja inayoonekana, yenye alama ya jina lake ukutani na soketi yake ya kuchajia. Sehemu ikiwa tupu, mtu anayepita aone mara moja kwamba kuna kitu hakijarudi. Usikifungie kabatini ambalo ufunguo wake unakwenda nyumbani na mtu. Kifaa cha dharura kinachohitaji kutafutiwa ufunguo hakipo.

Kama wodi kadhaa zinagawana vifaa, amua kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kuvigawa, kila wodi na chake. Inafaa kwa vitu vinavyotumika mfululizo na visivyo ghali, kama kipima oksijeni na mashine ya presha. Ya pili ni bohari ya pamoja, ambako kifaa kinaombwa, kinatolewa, kinarudi, kinasafishwa, kinachajiwa na kukaguliwa kabla ya kutolewa tena. Hii inafaa zaidi kwa pampu za dripu na monita za kusafirishia wagonjwa. Bohari inahitaji mtu anayewajibika saa 24, au utaratibu wa usiku ulio wazi. Bila hivyo wauguzi wataanza kuficha pampu chini ya vitanda na nyuma ya mapazia. Wasilaumiwe kwa haraka. Muuguzi anayeficha pampu ametaabika kuitafuta zamu iliyopita na anamlinda mgonjwa wa zamu ijayo. Ufichaji utakoma watu watakapokuwa na hakika kwamba wakiomba watapata.

Daftari la kutolea liwe fupi: namba ya kifaa, kinakokwenda, saa, aliyechukua. Fomu yenye safu nyingi hujazwa vizuri wiki ya kwanza, kisha inajazwa kwa kubahatisha.

Kuhusu betri, aina mbili zinahitaji malezi tofauti. Betri za risasi zilizozibwa, ambazo bado zipo kwenye vifaa vingi, huharibika zikiachwa bila chaji, kwa hiyo zikae kwenye umeme muda wote. Za lithiamu huchoshwa na joto, na zikiwekwa stoo kwa muda mrefu ni heri ziwe na chaji ya takriban nusu kuliko kujaa au kuisha. Kwa kifaa kinachotumika kila siku, kanuni ya wodi ibaki rahisi: kikirudi kinachomekwa, na taa ya chaji inatazamwa ikiwaka. Soketi inaweza kuwa mbovu hata kama plagi imechomekwa. Mara moja kwa mwaka fundi akiache kifaa kifanye kazi kwa betri peke yake mpaka kizime, huku akihesabu dakika, na aandike matokeo kwenye kibandiko. Muuguzi anayempeleka mgonjwa kwenye jengo jingine ana haki ya kujua kama ana dakika 20 au saa mbili.

Hatua ya 6: Chora njia ya majibu

Ikibidi kufupisha kazi kwa sababu ya muda, punguza kwingine, si hapa. Kipimo kilichofanyika na kisichoingia kwenye faili ni sawa na kisichofanyika, isipokuwa kimeshamsumbua mgonjwa.

Anza na utambulisho. Mashine kubwa ya idara humpokea mgonjwa mmoja mmoja mlangoni. Kifaa cha kubebeka hutoka kitanda kimoja hadi kingine kikiwa kimewashwa, na kumbukumbu ya mgonjwa wa kwanza bado imo. Hivyo ndivyo picha za mtu zinavyojikuta kwenye faili la jirani yake. Utaratibu uwe: kabla ya kugusa mgonjwa, funga rekodi ya aliyetangulia, fungua mpya, thibitisha jina kamili na namba ya hospitali kutoka kwenye bangili ya mkononi. Namba ya kitanda si utambulisho, maana wagonjwa huhamishwa. Kwenye dharura ambapo jina halijulikani, kuwe na namba za muda zilizoandaliwa mapema, na mtu aliyepewa kazi ya kuziunganisha na faili halisi baadaye.

Halafu amua majibu yanakwenda wapi. Kama hospitali ina mfumo wa kielektroniki, picha za ultrasaundi na eksirei husafiri kwa DICOM, kiwango cha kubadilishana picha za kitabibu, na taarifa nyingine mara nyingi kwa HL7, kiwango cha kubadilishana taarifa za wagonjwa kati ya mifumo. Muulize muuzaji, kwa maandishi, kama kifaa kinatuma kwa viwango hivyo bila kulipia leseni ya ziada, na umtake aonyeshe kikifanya hivyo kwenye mfumo wako. Jaribu pia mtandao unapokatika: je, kifaa kinahifadhi majibu na kuyatuma baadaye, au yanapotea? Kama hospitali inatumia faili za karatasi, chapisha kibandiko au fomu ndogo inayokaa juu ya kifaa chenyewe, yenye nafasi ya namba ya mgonjwa, saa, kipimo, aliyepima na aliyejulishwa. Picha za wagonjwa zisihifadhiwe kwenye simu za watu binafsi. Kama njia pekee ya kumfikia msomaji ni simu, iwe simu ya idara, yenye nenosiri, na picha isiwe na jina la mgonjwa.

Sehemu ya mwisho ya njia ndiyo iliyo muhimu kuliko zote: nani anachukua hatua. Kwa kila kipimo andika viwango vya hatari na mtu wa kupigiwa. Mfano: oksijeni ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa na hospitali, muuguzi anaanza oksijeni, anamwita daktari wa zamu, na asipopatikana baada ya dakika kadhaa anampigia fulani. Weka karatasi hiyo kwenye kishikio cha kifaa. Pia tofautisha uchunguzi wa haraka na kipimo kamili. Daktari wa dharura anayetazama kwa ultrasaundi kama kuna damu tumboni anajibu swali moja. Hajatoa ripoti ya tumbo zima. Ripoti yake iandikwe kwa lugha inayoonyesha hivyo, na njia ya kuomba kipimo kamili ibaki wazi.

Hatua ya 7: Usafi kati ya mgonjwa na mgonjwa

Kifaa kinachotembea hubeba vijidudu kutoka kitanda hadi kitanda, na mara nyingi hakuna anayejiona kuwa ndiye anayepaswa kukisafisha. Andika hivi: aliyekitumia ndiye anayekifuta, kabla hakijaondoka kando ya kitanda. Usiseme "kitasafishwa mwisho wa zamu."

Kiwango cha usafi kinategemea kifaa kimegusa nini, na mpangilio wa Spaulding, unaogawa vifaa kwa hatari ya kuambukiza, ndio unaotumika karibu kila mahali. Kilichogusa ngozi isiyo na jeraha, kama mkanda wa presha au probu (kichwa cha ultrasaundi kinachogusa mwili) ya tumboni, kinasafishwa na kufutwa kwa dawa ya kiwango cha chini. Kilichogusa utando laini wa ndani ya mwili, kama probu ya ukeni, kinahitaji uuaji wa vijidudu wa kiwango cha juu, hata kama kilivishwa kondomu au kifuniko. Kinachoingia ndani ya tishu au mishipa ya damu lazima kitakaswe kabisa. Kumbuka kwamba dawa haifanyi kazi juu ya jeli iliyoganda au damu. Futa uchafu kwanza, kisha weka dawa, na uiache ibaki na unyevu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa.

Tatizo linalojitokeza ni kwamba dawa nzuri inaweza kuua kifaa. Spiriti hupasua uso wa baadhi ya probu, na klorini hula metali na kufifisha vioo. Linganisha orodha ya dawa zinazokubaliwa na mtengenezaji na dawa zilizopo hospitalini kwako, na ufanye hivyo wakati wa hatua ya 3, kabla ya kununua. Zisipokutana, ama nunua dawa nyingine au chagua kifaa kingine.

Kikopo cha vitambaa vya kufutia kifungwe kwenye toroli la kifaa. Mtu akilazimika kutembea hadi mwisho wa korido kutafuta dawa, hatakifuta kifaa.

Hatua ya 8: Kengele

Kila monita inayoongezwa wodini inaongeza kelele. Mwaka 2013 Joint Commission, shirika la Marekani linaloidhinisha ubora wa hospitali, lilitoa tahadhari kwamba asilimia 85 hadi 99 ya kengele za vifaa hazikuhitaji hatua yoyote ya kitabibu. Masikio yakizoea kengele tupu, siku ya kengele ya kweli hakuna anayeinuka. Kwa hiyo mipaka ya kengele isiachwe ilivyotoka kiwandani. Madaktari na wauguzi wa wodi husika wakubaliane mipaka ya kuanzia kwa watu wazima, watoto na wachanga, kisha irekebishwe kwa mgonjwa mmoja mmoja na kuandikwa. Badilisha elektrodi zilizokauka, maana ndizo chanzo cha kengele nyingi za uongo. Na kabla ya kuweka monita kwenye chumba cha pembeni, simama kwenye meza ya wauguzi mlango ukiwa umefungwa usikilize kama inasikika.

Hatua ya 9: Fundisha makosa, si vitufe tu

Mafunzo ya muuzaji huishia kwenye kuwasha, kupima na kuzima. Wafanyakazi wako wanahitaji kujua kifaa kinadanganya lini.

Kipima oksijeni hupitisha mwanga mwekundu na wa infraredi kidoleni. Mkono wa baridi, presha ya chini, mtikisiko na rangi ya kucha huivuruga namba. Rangi ya ngozi nayo ina uzito: utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba oksijeni iliyoshuka bila kipimo cha kidole kuigundua ilitokea karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa Weusi kuliko kwa Weupe. Mgonjwa wako mweusi anayehema kwa shida asiachwe kwa sababu tu kioo kimeandika 93. Mtazame yeye, hesabu pumzi, na pima gesi za damu ikiwezekana.

Mkanda wa presha ulio mdogo kwa mkono mnene hutoa presha ya juu kuliko ilivyo. Mfuko wake wa hewa uwe na upana wa takriban asilimia 40 ya mzunguko wa mkono na urefu wa asilimia 80. Stripu za sukari zilizoachwa wazi kwenye joto na unyevu huharibika kimyakimya, hivyo tarehe ya kufungua kichupa iandikwe, na kimiminika cha kuhakiki kitumike kwa ratiba. Nyaya za ECG za mikono zikibadilishana, karatasi itaonyesha ugonjwa ambao haupo.

Eksirei ya kitandani inastahili somo lake. Picha ya kifua huchukuliwa mionzi ikiingia mbele na kutokea mgongoni, na moyo huonekana mkubwa kuliko ulivyo, kwa hiyo picha iandikwe jinsi ilivyochukuliwa na mgonjwa alikuwa amekaa au amelala. Mpiga picha atangaze kwa sauti kabla ya kubonyeza. Wanaoweza kutoka watoke. Wasioweza wavae aproni ya risasi, na mpigaji asimame angalau mita 2 kutoka kwa mgonjwa. Umbali ukiongezeka mara mbili, mionzi hupungua kuwa robo.

Fundisha kando ya kitanda, watu wachache kwa wakati, kisha kila mmoja apime mwenyewe mbele ya msimamizi na ajibu "ungefanya nini namba hii ikija?" Wanaofaulu waandikwe. Waajiriwa wapya na wanaozunguka kutoka idara nyingine wapitie hapo hapo kabla ya kukabidhiwa zamu.

Hatua ya 10: Wodi moja kwanza

Anza na wodi moja yenye muuguzi mfawidhi anayelitaka jambo hili. Tumia zile saa ulizoandika katika hatua ya 1 kama kianzio, upime tena: muda kutoka ombi hadi uamuzi, mara ambazo kifaa hakikupatikana kilipohitajika, majibu yasiyo na utambulisho kamili. Vitu vitatu au vinne vinatosha. Kila wiki kaa na wafanyakazi uwaulize kinachowakera, urekebishe, uwarudie kuwaambia kilichorekebishwa. Njia za mkato wanazobuni zichunguze kwa heshima; aghalabu zinaonyesha mahali ambapo utaratibu wako haufanyi kazi. Usihamie wodi ya pili mpaka zamu ya usiku iweze kuendesha kila kitu bila kukupigia simu.

Ingiza pia ukaguzi wa kifaa kwenye makabidhiano ya zamu: kipo, kisafi, kimejaa chaji, kina vifaa vyake. Ni maneno machache, lakini difibrileta (mashine ya kuushtua moyo kwa umeme) iliyokufa betri inagunduliwa hapo badala ya kugunduliwa moyo wa mtu ukiwa umesimama.

Hatua ya 11: Panga siku kitakapoharibika

Kila wodi ijue njia mbadala kwa kila kifaa: mashine ya presha ya mkono na stethoskopu, mfuko wa kupulizia pumzi, dripu ya kuhesabu matone, namba ya simu ya idara ya picha. Ujuzi huo ufanyiwe mazoezi, kwa kuwa muuguzi aliyezoea pampu miaka mingi anaweza kupoteza uharaka wa kuhesabu matone.

Kifaa kibovu kifungwe kibandiko chekundu chenye tarehe, tatizo kwa maneno ya kawaida, na jina la aliyeliona, kisha kiondolewe wodini siku hiyo hiyo. Kibandiko kinachosema "kibovu" tu hakimsaidii fundi. "Kinazima ukikiinua upande wa kulia" kinamsaidia. Fundi akirudishe na maelezo ya alichokifanya, na kama matengenezo yatachukua muda mrefu aseme mapema ili wodi ijipange. Kifaa kilichoanguka kipelekwe kukaguliwa hata kama kinawaka, na anayeripoti ashukuriwe. Akiadhibiwa, kinachofuata kitaanguka na kurudishwa mahali pake kimya.

Matengenezo madogo yaachwe wodini kwa ratiba: kuosha kichujio cha nje cha konsentreta kila wiki, kukiacha kikauke kabla ya kukirudisha, kuiacha mashine ipate nafasi ya hewa mbali na ukuta na mapazia, kukagua nyaya zilizochubuka. Makubwa yabaki kwa fundi.

Na kifaa kikifikia mwisho wake, kwa sababu vipuri havipatikani au gharama ya kukitengeneza imezidi thamani yake, kisibaki kwenye korido kikisubiri. Fundi afute data za wagonjwa zilizomo, atoe betri na kuipeleka kwenye taka zake maalumu, anyofoe sehemu zinazoweza kusaidia vifaa vingine, afute namba yake kwenye orodha ya hospitali, kisha amjulishe mtu wa ugavi aache kuagiza stripu, karatasi na mirija yake.